Tobias Ogutu na Nyapara wa Kompyuta

Wako wanaomsimulia Tobias Ogutu siku hizi kana kwamba alikuwa mtu mpole. Nawasikia, nanyamaza, lakini leo nimechoka kunyamaza. Tobias hakuwa mpole hata siku moja. Chai ikija baridi, kesi. Kadi ikitobolewa kombo, kesi. Mtu akifunga mlango kwa kishindo yeye akiwa anafikiri, basi siku hiyo atajuta. Mimi Salme binti Idarus, niliyekuwa msimamizi wa chumba cha kadi, nimegombana naye tangu mwaka wa sitini na nne mpaka alipostaafu, kwa hiyo nina haki ya kumsifu kuliko hao.

Kampuni yetu ilikuwa ghorofa ya pili, karibu na Government Road. Tuliwafanyia kazi za kompyuta wale wasiokuwa na kompyuta, na miaka ile karibu kila mtu hakuwa nayo. Karatasi zao zilikuja kwangu kwanza. Wasichana wangu walikaa mbele ya mashine za kutobolea, wakayageuza maandishi kuwa matundu kwenye kadi, na kadi zikapelekwa chumba cha pili kusomwa na kompyuta. Huko ndiko alikotawala Tobias. Yeye ndiye aliyeandika programu, yaani yale maagizo ya kuiambia kompyuta ifanye nini na kadi zetu.

Tulianza mwaka mmoja. Mimi nilitoka dukani kwa baba yangu, Mtaa wa Biashara, nikiwa nimechoka kupima vitambaa. Yeye alikuwa karani aliyefaulu mtihani wa kuchagua waandishi wa programu, akikaa Waithaka na mkewe Peres. Nilimwita Bwana Mkubwa ili kumchokoza, naye akaniita Bi Salme kwa adabu zote, hata alipokuwa ananifokea.

Kompyuta ile ya kwanza ilikuwa na ubao wa swichi na taa ndogo ndogo mbele yake, na Tobias aliipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda kabati la chuma. Ukipewa saa yako, mashine nzima ni yako. Unaingia, unafunga mlango, unafuta kila kitu kilichomo, unatia programu yako, halafu unakaa hapo kwenye kiti na kuitazama ikifanya kazi. Kila alipofika mahali pa mashaka, Tobias aliandika agizo la kusimama. Mashine inasimama kimya, yeye anasoma zile taa kuona hesabu imefika wapi, akiridhika anabonyeza swichi nayo inaendelea. Ilikuwa pia na kispika kilichokuwa kikivuma, na naapa nilimwona Tobias amesimama koridoni na kikombe cha chai, akisikiliza ule mvumo, akasema sasa imefika kwenye kupanga majina. Nilidhani anatia chumvi. Nikachungulia, kweli ilikuwa inapanga majina.

Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa ndogo mno, hivyo Tobias aliandika kwa ubahili wa ajabu. Akiweza kupunguza maagizo mawili matatu kwenye programu, hufurahi wiki nzima. Peres aliniambia kwamba mumewe alifika nyumbani jioni moja anacheka peke yake, akamweleza ameokoa maagizo matatu, naye akamuuliza kama yanapikwa au yanaliwa mabichi.

Mwaka wa sabini na mbili ikaletwa kompyuta mpya, na pamoja nayo akaletwa Bwana Wambua kuwa meneja. Wambua alikuwa kijana wa Machakos aliyesomea Uingereza, anayekaa Hurlingham, shati jeupe kila siku, na sitamsema vibaya maana alikuwa mtu wa haki. Kosa lake la kwanza lilikuwa kumwita Tobias Mzee Ogutu, na Tobias hajatimiza arobaini. Kosa la pili lilikuwa kufunga mlango. Alitutangazia kwamba kuanzia sasa waandishi wa programu hawataingia chumba cha kompyuta. Kulikuwa na dirisha. Unampa opareta kadi zako pale dirishani, unakwenda zako, unarudi baadaye kuchukua majibu. Opareta alikuwa Joash, kijana mtaratibu, ambaye hakustahili hata neno moja kati ya yale aliyoambiwa na Tobias siku hiyo.

Tena hata Joash mwenyewe hakuwa mwenye mashine. Kompyuta mpya ilikuja na programu yake kubwa ya kuisimamia, inayokaa ndani muda wote. Hiyo ndiyo iliyoamua kazi ya nani iingie, ya nani ingoje, nani atumie printa. Kazi za watu kadhaa ziliweza kukaa ndani kwa pamoja iwapo zingeenea, kila moja ikipewa sehemu yake ya kumbukumbu. Wambua aliiita kwa jina lake la Kizungu, opareting sistimu. Tobias alisikiliza maelezo yote, mikono nyuma, halafu akasema hiyo ni nyapara. Tangu siku hiyo hatukuiita jina lingine.

Watu walicheka, lakini mimi nilijua hakuwa anatania. Tobias alikulia katika shamba la miwa, ambako baba yake alikuwa kibarua. Nyapara wa huko alitembea na filimbi, na ndiye aliyesema kama kazi ya leo imehesabika au haikuhesabika. Tobias mtoto alimwona baba yake, mtu mzima mwenye mvi, akiomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Aliniambia hayo mara moja tu, na alipomaliza akasema, “Nilisoma ili nisisimamiwe.”

Basi ndiyo maana alifanya alichofanya. Alichukua programu yake ya zamani, ile aliyoiandikia kampuni ya mbegu, mteja wetu mkubwa, akaibadilisha kidogo tu ili ikubali mashine mpya, akaipeleka dirishani kama mtu anayepeleka changamoto. Yale maagizo yake ya kusimama hakuyagusa. Programu ikaingia, ikajitwalia printa, ikafanya kazi kidogo, ikasimama. Nyapara akaandika kwenye taipureta ya Joash, iliyounganishwa na mashine, kwamba programu ya Ogutu imesimama, inangoja. Inangoja nini, Joash hakujua. Zamani ingemngoja Tobias asome taa, lakini Tobias yuko nje ya dirisha, na taa zenyewe hazionyeshi tena hesabu yake peke yake. Joash akaiambia iendelee. Ikaenda kidogo, ikasimama tena. Ikawa hivyo mchana kutwa, printa imeshikwa, na kazi za ofisi nzima zimepangana nyuma yake hazisogei. Benki moja ikapiga simu kwa hasira. Kufikia jioni hakuna aliyekuwa anamsalimia Tobias.

Kesho yake Wambua alimwita ofisini, akamweleza bila kupaza sauti. Kazi ya mbegu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Maelfu ya wakulima wa magharibi walikuwa wameagiza mbegu za mahindi, na sisi tulitakiwa kupanga maagizo yao na kuchapa hati za kila soko, ili malori yatoke kabla ya mvua za masika. Mashine ya zamani ilikuwa inaondolewa. Wakurugenzi walikuwa wamekwisha kuamua: kazi hii ikishindikana kwenye mashine mpya, kadi zote zitapelekwa London kwa ndege, kwenye kompyuta ya kampuni mama, na zitafanyiwa kazi huko mwaka huu na miaka yote ijayo. Na Tobias, kwa kuwa hakuwa na programu nyingine kubwa, atahamishiwa stoo, kutunza makasha ya kadi tupu.

Alitoka huko akaja moja kwa moja chumbani kwangu. Uso umemvimba. Akasimama katikati ya wasichana wangu na kuanza kumtukana nyapara, kwamba ni mtu asiyejua kazi na kazi yake ni kuwazuia wanaoijua, kwamba nyapara ni nyapara awe wa miwa au wa waya, kwamba hajapata kuona nyapara mwenye faida. Wasichana waliacha kutoboa. Mimi nilivumilia, nikavumilia, mwisho nikaja juu.

Nilimwuliza anadhani mimi ni nani humu ndani. Nilimwambia atazame vizuri. Nani anagawa kazi hapa? Nani anasema huyu atoboe hiki, yule angoje, mashine ile nzuri leo apewe Phoebe? Mimi ndiye. Kama kuna nyapara katika jengo hili, ni Salme binti Idarus, na kadi zake zote anazojivunia tangu sitini na nne zimepitia kwa nyapara, na sijamwona akikataa kuzipokea.

Alinisikiliza mpaka neno la mwisho. Kwa Tobias hilo lilikuwa jambo la kuandikwa gazetini. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ninagawaje.

Nilikuwa bado nina hasira, lakini nilimjibu. Nilimwambia kwamba ukimpa msichana mmoja furushi kubwa, umejifunga mwenyewe. Mashine yake imeshikwa kutwa, na wengine wanaodaiwa kazi ndogo wanakaa kumtazama. Kwa hiyo mimi hulipasua furushi, nikampa kila mmoja fungu lake. Mafungu madogo yanaingia popote penye nafasi. Mmoja akisita kutafuta karatasi, mwenzake anaendelea. Kazi ya kutwa inakwisha saa sita, na hakuna aliyeumia mgongo.

Tobias alibaki ananitazama kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Akageuka akaondoka, bila asante.

Sasa ili uelewe alichokiona, kumbuka ule ubahili wake. Vijana waliokuja na mashine mpya waliandika programu kubwa, maana kumbukumbu ilikuwa tele, na kila programu ilipoingia ilijaza nafasi yote, hivyo nyapara alikuwa na kazi moja tu ya kusimamia. Tobias alikuwa amezoea kubana. Akiipasua kazi ya mbegu wilaya kwa wilaya, Bungoma peke yake, Kakamega peke yake, Siaya, Trans Nzoia, kila programu ingekuwa ndogo kiasi kwamba zote nne zingeenea ndani kwa pamoja. Moja ikingoja kadi zake zisomwe, nyingine inapiga hesabu. Lakini wa kuzipanga hivyo si Tobias. Ilibidi ziachiwe nyapara.

Ikabidi pia ang'oe yale maagizo ya kusimama. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alikuja mezani kwangu wakati wa chai na karatasi zake, akakata moja, akaguna, akakata lingine. Aliniambia kwamba kila moja ni mahali alipozoea kukaa na mashine ana kwa ana. Nikamwambia pole, na nilimaanisha. Halafu nikamsukumia kipande cha mahamri, akakila bila kukiona.

Wambua alimsaidia, hilo lazima niliseme. Jioni baada ya jioni walitoka ofisini pamoja wakibishana kwenye ngazi, mmoja akieleza nyapara anataka kuambiwaje, mwingine akiuliza kwa nini anataka hivyo. Majirani wa ghorofa ya kwanza walidhani ni kesi ya kiwanja.

Kampuni ya mbegu ilichelewa kutuletea karatasi za mwisho, kama desturi yao. Wasichana wangu walitoboa mpaka vidole vikafa ganzi. Siku kadi zilipokamilika ndiyo siku ya mwisho iliyobaki. Wakurugenzi hawakutaka kubahatisha, wakaagiza seti ya pili ya kadi ifungwe makashani, tayari kwa London. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilisimama barabarani, dereva amelala na kofia usoni. Hati zisipotoka kabla ya gari kulazimika kuondoka, makasha yatashuka ngazi, na Tobias atapanda stoo.

Asubuhi hiyo alimpa Joash kadi zake dirishani, mafungu manne. Alisema tafadhali. Joash alishtuka kidogo, akazipokea kwa mikono miwili.

Mkurugenzi aliyetumwa kushuhudia alikuwa Mzee Kinyanjui, mtu mnene wa maneno machache, akaletewa kiti koridoni. Wambua akasimama karibu naye. Mimi nilijifanya nina shughuli na kabati la faili lililokuwa hapo hapo, kabati ambalo sikuwa nimelifungua mwaka mzima.

Joash alitusomea kutoka kwenye taipureta. Bungoma imeingia. Kakamega imeingia. Siaya imeingia. Trans Nzoia imeingia. Zote nne zimo ndani. Tobias akaitikia kwa kichwa. Kadi zikasomwa, zikaisha, kisha hatukusikia kitu.

Printa ilikuwa kimya. Tukangoja. Mashine hii mpya haikuwa na kispika, haikukuambia chochote, ilinguruma tu kama friji. Mzee Kinyanjui akatazama saa yake, akakohoa. Wasichana wangu wakaanza kuchungulia mlangoni mmoja mmoja, nami sikuwa na nguvu ya kuwafukuza. Nilimwona Tobias vidole vinamcheza hewani kama vinatafuta swichi. Nilijua anachokitaka. Anataka kuingia, kuisimamisha, kuangalia imefika wapi. Miaka yote ile hakuwahi kuiacha mashine iende zake hivyo, gizani, bila kuiona.

Wambua naye aliona. Akamsogelea, akautoa ufunguo mfukoni, akafungua ule mlango wenyewe, mlango uliofungwa tangu aje.

“Mzee Ogutu,” akasema, “sijui kama imekwama au haijakwama. Wewe ndiye mwenye kazi. Ukitaka kuisimamisha uangalie, ingia.”

Ilikuwa haki yake. Lakini sote tulijua kwamba akiisimamisha, itabidi ianzwe upya, na gari halitangoja. Tobias alikwenda mpaka kizingitini. Akaitazama ile mashine. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kuingia ndani. Nilitaka kumpigia kelele na sikujua nimpigie kelele gani, aingie au asiingie.

Akaurudisha mguu.

“Haijakwama,” akasema. “Zimo nne. Anazigawia. Acheni amalize.”

Akaenda ukutani, akaegemea, akaiweka mikono yake miwili nyuma ya mgongo na kuilalia. Nilimwonea fahari, na bado hatukuwa na hata karatasi moja.

Printa ikaanza. Ilianza bila kujiandaa, ikalia kama mvua ya mawe juu ya mabati, na haikusita. Kumbe nyapara alikuwa anazipiga hesabu zote nne kwa zamu na kuzikusanya hati pembeni kwenye diski, ili printa akiipa kazi aipe mfululizo. Soko la kwanza la Bungoma likatoka, majina yamepangwa, magunia yamepangwa. La pili. La tatu. Karatasi zilijaa kwenye kikapu, zikamwagika, Joash akawa anazidaka. Kakamega ikafuata hata kabla hatujaacha kushangilia Bungoma. Wambua alikuwa ameokota ukurasa mmoja anaukagua mstari kwa mstari, midomo inamcheza, akaokota mwingine, kisha akaacha kukagua na kuanza kucheka. Siaya ikatoka, Tobias akasoma jina la soko la kwao, akalisoma tena, machozi yakamlenga na hakuyaficha. Ilipofika Trans Nzoia, Wambua alikwenda dirisha la barabarani akamwambia dereva kule chini arudishe gari gereji.

Mzee Kinyanjui akasimama. Akachukua hati moja, akaipima mkononi kama anayenunua nyama. Alikuwa ameambiwa kazi hii itachukua siku nzima au haitawezekana, na mchana ulikuwa haujaingia vizuri. Akawatazama watu wote waliojazana koridoni, Wambua, Joash, mimi na wasichana wangu, mwisho Tobias pale ukutani.

“Nani alikuwa kwenye mashine?” akauliza.

Tobias akajitoa ukutani, akanyoosha tai yake.

“Ni mimi, mzee,” akasema. “Mimi na nyapara.”

Sikungoja Mzee Kinyanjui aelewe. Nilipiga kigelegele pale pale koridoni, mchana kweupe, ofisini kwa watu, na wasichana wangu wote wakanipokea.